Uzito Unaenda Wapi? Siku saba za safari ya arobaini ya Profesa

Jumatatu. Dar es Salaam hadi Dodoma, kisha usiku barabarani

Profesa wetu alizikwa Ukerewe mimi nikiwa kazini kusini, kwenye kalavati lililobomolewa na mvua. Habari zilinifikia saa 4 usiku. Nilipiga hesabu ya masafa, nikaona kwamba hata nikitoka muda huohuo nitakuta kaburi limeshafukiwa. Niliketi kwenye gari la mradi nikalia, dereva akashuka akaniacha peke yangu. Tangu siku ile nilijua arobaini sitaikosa.

Darasa letu limechanga fedha za kujengea kaburi. Mama, mjane wake, alikubali kwa sharti moja: lisizidi kimo cha goti na lisiwekwe marumaru. Mwenyewe ndivyo alivyoagiza.

Treni ya SGR iliondoka asubuhi. Kasi ilipofika kilomita 160 kwa saa maji kwenye kikombe changu hayakutikisika, nikatamani kumpigia simu nimwambie. Alipokuwa mwanafunzi alikuja Mlimani, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kwa reli ya zamani, ile ya upana wa mita moja iliyofika Mwanza mwaka 1928, na alikuwa akisimulia siku mbili au tatu za njiani kama mtu anayesimulia kitabu alichokipenda. Alikuwa miongoni mwa vijana waliopokelewa kitivo cha uhandisi kilipofunguliwa mwaka 1973. Dodoma nilishuka, nikala wali maharage, nikapanda basi la usiku.

Jumanne. Nyegezi, Mwanza

Singida niliisikia usingizini. Mteremko wa Sekenke ndio ulioniamsha, kisha mbuga ya Wembere ikapita gizani, Igunga, Nzega, Tinde. Shinyanga kulikuwa kumekucha. Tulipokaribia Mwanza mawe yakaanza, moja moja kwanza, kisha vilima vizima vya mawe, na nyumba zimejishika katikati yake kama mbuzi mlimani.

Mwenzetu wa Misungwi alinipokea stendi ya Nyegezi. Tulisoma pamoja, tukatoka pamoja, sasa ana mvi kuliko mimi. "Mwangaluka, dada." Nikaitikia, "Mwangaluka." Hatukusema neno jingine mpaka tumeingia kwenye gari.

Mchana nilimwomba anipeleke Jiwe la Bismarck. Mtu wa Mwanza huliona kila siku asiligeuzie shingo, lakini mimi nilikuwa na sababu. Mwaka 1996 nilifanya mafunzo ya vitendo hapa, pitii kama tulivyoita, na Profesa alikuja kukagua wanafunzi wake. Tulikuwa saba, msichana ni mimi peke yangu. Hakutupeleka ofisini wala kwenye jengo lolote. Alituleta hapa ufukweni, akalielekeza lile jiwe la juu lililosimama juu ya wenzake kama limesahauliwa na mtu, akauliza swali lake.

"Uzito unaenda wapi?"

Tukajibu, "Chini, Profesa."

"Chini ni wapi?"

Hapo ndipo kazi ilipoanza. Tulikaa juani karibu saa nzima tukifuata uzito wa jiwe la juu kwa kidole: unapita sehemu ipi inayogusana, unagawanyika vipi, unashuka kwenye mwamba gani, na kwa nini halijateleza. Alitueleza kwamba hakuna aliyeyapanga mawe haya. Ni mwamba mmoja wa matale ulioingiwa na nyufa, maji yakapita kwenye nyufa na kula kona kidogo kidogo kwa muda usiohesabika, udongo laini ukachukuliwa, yakabaki yale yaliyokuwa na pa kukalia. "Lililokuwa halina njia ya kupitisha uzito wake," alisema, "lilishaanguka zamani, na wewe hukuliona."

Swali hilo ndilo lililompa jina. Wanafunzi walimwita Mzee Uzito, naye alijua, na hakuchukia.

Jioni tulipita Mwaloni, Kirumba, tukanunua dagaa wa kupeleka msibani. Mama aliyetuuzia alipojua tunaenda arobaini alijaza kopo mpaka likafanya kichuguu, kisha akaongeza mkono mmoja. "Huo ni wa marehemu," akasema.

Jumatano. Kigongo, Busisi, Igoma

Hii ndiyo siku niliyoiogopa.

Daraja la JP Magufuli lilifunguliwa tarehe 19 Juni 2025. Wiki chache baadaye Profesa alinipigia simu, sauti yake ikiwa na pumzi fupi: "Binti, nimelivuka kwa miguu. Kilomita 3! Njoo ulione kabla sijachoka." Nikamwambia mwezi ujao. Mwezi ujao ukawa na mradi, na uliofuata ukawa na mgonjwa nyumbani. Aliuliza mara mbili tena, mara ya tatu hakuuliza.

Tulitoka mjini mapema, tukapita Usagara, tukaacha gari upande wa Kigongo. Mwenzetu alitaka tuende wote nikamkatalia. Nilitembea peke yangu kwenye njia ya waenda kwa miguu, upepo wa ziwa ukinipiga ubavuni. Malori ya Geita, mabasi ya Bukoba na bodaboda zenye kuku yalipita, na daraja lilikuwa likitetemeka kwa kiasi kidogo sana, kiasi kile ambacho nyayo husikia na macho hayaoni. Nilisimama. Daraja refu lisilotikisika kabisa lingenitia wasiwasi zaidi.

Ninapaswa kueleza kidogo, kwa sababu yeye angeeleza. Daraja la Kigamboni linaning'inizwa na nyaya zake: minara ni mirefu, nyaya zinapanda juu sana, na ndizo zinazobeba njia. Hili la Kigongo, kama lile la Tanzanite pale Dar, ni la namna nyingine. Minara ni mifupi, nyaya zimelala, na mhimili wa zege chini ya miguu yako una nguvu zake wenyewe. Nyaya zinausaidia tu, zikiukaza kwa mlalo kama mkanda unavyomkaza mbeba mizigo kiunoni. Uzito wa lori unagawana njia: sehemu inapita kwenye mhimili, sehemu inapanda kwenye waya, zinakutana kwenye nguzo, zinashuka majini, zinapita kwenye tope, mpaka kwenye mwamba.

Nilipofika katikati niliinama kwenye ukingo nikatazama nguzo inavyoingia majini. Nikasema kwa sauti, "Nimekuja, Profesa." Kijana mmoja wa baiskeli aligeuka akadhani namsalimia, akaitikia, "Karibu, mama."

Busisi nilikunywa chai na chapati mbili kwa mama ntilie. Alinisimulia enzi za feri: foleni ya magari, wajawazito waliojifungua wakisubiri, maiti zilizokaa saa nyingi njiani. Nilipomuuliza kama biashara imepungua tangu feri ziondoke, alisema imepungua sana, na kwamba daraja bado analipenda. Mdogo wake alifia kwenye foleni.

Mchana tulirudi tukapita moja kwa moja hadi Igoma, kwenye makaburi ya MV Bukoba.

Meli ile ilizama tarehe 21 Mei 1996 ikitoka Bukoba kuja Mwanza, na mamia ya watu wakafa. Mimi nilifika kwa ajili ya pitii majuma machache baadaye, mji ukiwa bado unaongea kwa sauti ya chini. Siku ileile ya Jiwe la Bismarck, tulipomaliza swali la mawe, Profesa alitoa kwenye mfuko wake kopo tupu la maziwa ya unga, msumari na jiwe la kugongea. Alivua viatu akaingia ziwani mpaka magotini. Akalishika kopo mdomo chini, akalisukuma majini, akaliachia. Likaelea, kitako juu. Akaweka juu yake vijiwe vitatu. Likaelea bado.

"Uzito unaenda wapi?"

Tukajibu kwamba unaenda kwenye maji.

"Unapita kwenye nini kabla ya kufika kwenye maji?"

Kimya. Hakuna aliyesema. Alichukua msumari akatoboa kitako, tundu moja dogo. Tukasikia hewa ikitoka, mlio mwembamba kama wa mtu anayevuta pumzi kwenye meno. Kopo likashuka taratibu, vijiwe vikamwagika, likapotea.

Sote tulijua anasema nini. Meli ilipopinduka ilibaki imejifunika juu ya maji, na watu walisikika wakigonga kutoka ndani. Ilipotobolewa ili watolewe, hewa ikatoka, na meli ikaenda chini. Waliotoboa walikuwa wanataka kuokoa, na Profesa hakuwalaumu hata kwa neno moja. Alisema tu, akiwa bado amesimama majini, "Nguzo ya nyumba ile ilikuwa hewa. Kabla hamjatoboa kitu chochote maishani mwenu, jueni ni nini kimebeba." Kisha akainama akapapasa mpaka akalipata kopo, akatoka nalo. Hakutaka kuliacha ziwani.

Nimefanya kazi hii miaka mingi. Sijawahi kumruhusu fundi avunje ukuta bila kwanza kulikumbuka lile kopo.

Alhamisi. Kuelekea Nansio, Ukerewe

Bandari ya Kaskazini, asubuhi. Magodoro, kreti za soda, mabati, pikipiki, mifuko ya saruji, kuku. Kabla ya kupanda nilifanya alichotufundisha: nilitazama ubavu wa meli, alama ya mwisho wa kuzama, nikaona iko juu ya maji kwa kiasi kizuri. Nikapanda. Nikatafuta maboya yako wapi. Dada mmoja aliyebeba mtoto akaniuliza natafuta nini, nikamwonyesha, naye akahamia kiti cha karibu nayo.

Ziwa lilikuwa limetulia. Visiwa vilikuja na kupita. Mwenzetu wa Misungwi alilala, mimi nilibaki ukingoni nikifikiria maji haya yalivyomfanya mtu awe mhandisi. Kati ya mwaka 1961 na 1964 ziwa hili lilipanda zaidi ya mita 2, mvua zikiwa zimepita kiasi. Nyumba ya baba yake ilikuwa karibu na ufukwe. Alitusimulia kwamba maji hayakuja kwa fujo. Kila asubuhi baba yake alichomeka kijiti ukingoni, na kila asubuhi kijiti kilikuwa ndani ya maji. Walihamisha milango kwanza, kisha miti ya paa. Kuta za udongo ziliachwa, nazo zikayeyuka kuanzia chini. Yeye alikuwa mtoto wa darasa la pili au la tatu, na alichokiuliza si kwa nini maji yanapanda. Alimuuliza baba yake kwa nini ukuta unaanguka kutokea pale, usianguke kutokea huku.

Alipostaafu alirudi hukohuko, akajenga juu kidogo ya mstari ule.

Alikuwa huku Septemba 2018, kivuko cha MV Nyerere kilipopinduka karibu na Ukara na watu zaidi ya 200 wakafa. Mafundisho yote yale ya 1996, na ziwa likarudia. Siku ya pili baadaye alipatikana mhandisi wa kivuko akiwa hai ndani, amekaa mahali palipobaki na hewa. Usiku huo Profesa alinipigia simu. Hakunisalimia. Alisema, "Hewa, Binti. Hewa ilimbeba." Kisha nikasikia analia, na sikuwahi kumsikia akilia kabla ya hapo.

Nansio tulipokelewa na wajukuu wawili na mkokoteni. "Poleni kwa msiba," tulimwambia Mama. "Tumeshapoa," alijibu, akanishika mikono yote miwili akaitazama viganja, kama anatafuta kitu. "Wewe ndiye wa nondo za juu?"

Nilishtuka. Nikakubali.

Ni habari ya mtihani wa mwaka wa tatu. Swali lilikuwa kibaraza cha ghorofani, kile kilichoshikwa upande mmoja tu, upande mwingine ukiwa hewani. Hesabu nilizifanya zote, nikapata majibu kamili. Kisha kwenye mchoro nikaweka nondo chini, kama za sakafu ya kawaida. Lakini kitu kilichoshikwa upande mmoja huinama mbele, na mvutano wake unakuwa juu. Zege halivumilii kuvutwa, nondo ndiyo inayovumilia, basi nondo lazima ikae juu. Alinipa sifuri kwa swali zima. Nilikwenda ofisini kwake na hasira za ujana, nikamwonyesha kwamba hesabu zote ni sahihi. Akazipitia moja moja, akakubali. "Hesabu zako ni sahihi, Binti, na kibaraza chako kimeanguka. Kulikuwa na mama amesimama juu yake anaanika nguo."

Kumbe alikuwa anaisimulia hapa nyumbani miaka yote, Mama akasema, si kwa kunicheka. Alimwambia kwamba msichana yule alirudi kesho yake na michoro kumi na miwili ya vibaraza.

Ijumaa. Zege

Kaburi liko nyuma ya nyumba, chini ya mchungwa. Tofali za kuzunguka zilikuwa zimeshajengwa na fundi wa jirani, na pima maji yangu ilipotulia juu yake kiputo kilisimama katikati. Nikajua huyu fundi si wa kubahatisha.

Kazi ya leo ni jamvi la juu: mita 2 na sentimita 20 kwa mita 1, unene sentimita 12. Wahandisi tulikuwa watano, tuliokuja kutoka Dar, Mwanza, Musoma na Kahama, na kila mmoja alikuwa na maoni. Mchanga wa ziwani tulibishana nao nusu saa. Kwetu Dar mchanga wa pwani ni adui, chumvi yake inakula nondo. Huu wa hapa ni wa maji baridi, hauna chumvi, ila una tope na vipande vya makombe, basi tukauosha kwenye karai mara tatu mpaka maji yakatoka safi. Nondo tukazisuka, tukaziinua juu ya biskuti, vile vipande vidogo vya zege vya kuzitenga na sehemu ya chini. Moja kwa mbili kwa nne: saruji, mchanga, kokoto. Mifuko miwili.

Jua lilikuwa kali. Tulipochanganya mfuko wa kwanza zege lilikuwa gumu kwenye chepe, na sisi mikono yetu ni ya kompyuta siku hizi. Mwenzetu wa Kahama, anayesimamia miradi mikubwa kuliko sisi wote, akainua ndoo aongeze maji kidogo lilainike. Mimi nilimwona nikanyamaza, kwa sababu na mimi mgongo ulikuwa unauma.

Kijana wa saidia fundi, wa miaka kama kumi na tisa, akaweka mkono juu ya ndoo.

"Samahani, mzee. Mfuko mmoja, lita 25. Babu alisema."

Sote tulisimama. Fundi akatuambia kwamba tangu Profesa astaafu, Jumamosi mchana mafundi na vibarua walikuwa wakija kukaa chini ya mchungwa huuhuu. Aliwafundisha kwa vijiti na kopo. Maji yakizidi, aliwaambia, yanapokauka yanaacha vitundu, na kila kitundu ni mahali ambapo uzito hauna pa kukanyaga. Kijana yule hakufika kidato cha pili. Lakini lita 25 alizijua, na alikuwa na ujasiri wa kumzuia injinia mbele ya watu.

Mwenzetu wa Kahama alishusha ndoo. Alikwenda pembeni akajifuta uso kwa shati, akarudi akachukua chepe, na hakuliachia mpaka tumemaliza.

Tulishindilia kwa ubao, tukasawazisha kwa rula ya mbao. Mama alikuja na wanawake wa jirani wakaimba wimbo wa kanisani wakati fundi anapitisha mwiko wa mwisho. Zege lililobaki tulijaza kwenye masanduku matatu ya mbao yaliyotengenezwa na seremala wa Nansio, sentimita 15 kila upande. Hakuna anayepima zege la kaburi. Sisi tulipima, kwa sababu asingepokea kazi isiyo na vipimo.

Usiku tulikula ugali wa muhogo na sato. Sikumbuki nani alisema nini.

Jumamosi. Arobaini

Misa ilikuwa asubuhi, watu walijaa mpaka barabarani. Padri alimtaja kama msomi. Mafundi waliokaa nyuma walimwita Babu. Kaburi lilikuwa limefunikwa magunia mabichi, na mjukuu wa miaka minane ndiye aliyepewa kazi ya kumwagilia. Aliniuliza kwa nini zege linanyweshwa wakati tunataka likauke.

Nikamwambia halikauki. Linakunywa. Saruji ikipata maji inaota ndani kwa ndani na kushikana na mchanga na kokoto, na ukiinyima maji mapema inaacha kukua. Siku saba, asubuhi, mchana na jioni.

"Hata usiku?"

"Usiku magunia yanatosha."

Alifikiri. "Nitaamka hata usiku."

Jioni tulifungua masanduku. Mapande matatu yalitoka na kona zake zote. Mawili tumeyaacha kwenye pipa la maji, mwenzetu wa Mwanza atayafuata.

Jumapili. Kurudi

La tatu ninalo mimi, limefungwa kwenye gunia bichi ndani ya begi. Bandarini Nansio mkaguzi alilipapasa akauliza ni jiwe la nini. Nilimweleza. Akalipima kwa mkono, akasema, "Zito hili." Ni kilo 8. Kama lita zile 25 zilikuwa 25 kweli, litabeba kama tani 45 kabla ya kupasuka.

Meli imeondoka. Nimeliweka mapajani, gunia linanilowesha nguo. Siku ya 28, ya kupima nguvu za zege, itakuwa Ijumaa, na nafasi kwenye mashine ya kubana nimeshaiomba.